Bei Moja, Mizani Mbili: Haki katika Bei za Kimaeneo za Michezo ya Video

Utangulizi

Wahenga walinena kuwa vidole vya mkono havilingani. Methali hii hutumiwa aghalabu kutukumbusha kwamba binadamu hawakujaliwa kwa kipimo kimoja: huyu ana kingi, yule ana haba. Katika masoko ya kidijitali ya karne hii, methali hiyo huzaa swali ambalo si rahisi kulijibu. Ikiwa vidole havilingani, je, ni haki sonara auze pete za kipimo kimoja tu?

Makala haya yanadhamiria kulichunguza swali hilo kwa kurejelea bidhaa ambayo vijana wetu wanaifahamu vyema, nayo ni michezo ya video inayonunuliwa na kupakuliwa mtandaoni. Michezo hii, ambayo katika mazungumzo ya kila siku huitwa gemu, huuzwa kwa utaratibu wa upangaji wa bei kimaeneo. Kwa mujibu wa utaratibu huu, mchezo ule ule, wenye picha zile zile na sauti zile zile, huweza kuuzwa kwa bei moja nchini Marekani, kwa bei nyingine nchini India na kwa bei nyingine tena nchini Afrika Kusini.

Huenda msomaji akauliza ni kwa nini jarida la wanafunzi wa Kiswahili lijishughulishe na bei za michezo. Sababu ni mbili. Kwanza, mjadala kuhusu bei hizi ni mjadala kuhusu maana ya maneno: haki, usawa, ubaguzi. Asiyeyapambanua maneno haya hawezi kuupambanua mgogoro wenyewe. Pili, tunapodai kwamba Kiswahili ni lugha inayoweza kumudu sayansi na teknolojia, hatuna budi kukitumia kujadili mambo yanayowagusa wanaokizungumza, na biashara ya kidijitali ni mojawapo ya mambo hayo.

Hoja kuu ya makala haya ni kwamba kutofautiana kwa bei si dhuluma kwa dhati yake. Dhuluma huzuka pale ambapo mnunuzi hufungiwa katika eneo lake bila ya kupewa bei inayolingana na hali ya eneo hilo. Hiyo, kama tutakavyoona, ndiyo hali inayomkabili mnunuzi wa Kenya na wa Afrika Mashariki kwa jumla.

Ubaguzi, usawa na haki: tatizo la istilahi

Mwanauchumi Mwingereza Arthur Cecil Pigou, katika kitabu chake The Economics of Welfare kilichotoka mwaka 1920, aliupambanua utozaji wa bei tofauti kwa bidhaa moja katika daraja tatu. Katika daraja ya kwanza, muuzaji humtoza kila mnunuzi kiasi cha juu kabisa ambacho mnunuzi huyo yuko tayari kulipa. Muuzaji wa mitumba katika soko la Gikomba, ambaye humtazama mteja viatu na kumsikiliza lafudhi kabla ya kutaja bei, huikaribia daraja hii bila ya kuwahi kumsoma Pigou. Katika daraja ya pili, bei hutegemea kiasi kinachonunuliwa, kama ilivyo tofauti kati ya bei ya jumla na bei ya rejareja. Katika daraja ya tatu, wanunuzi hugawanywa katika makundi yanayotambulika, na kila kundi likapewa bei yake.

Bei za kimaeneo za michezo ya video zimo katika daraja hii ya tatu. Si jambo geni kwetu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori nchini Kenya huwatoza raia ada moja ya kuingia mbugani na kuwatoza wageni wasio wakazi ada nyingine iliyo juu zaidi. Ni Wakenya wachache wanaoiona tofauti hiyo kuwa uonevu. Wengi huona kwamba mbuga ni mali ya wananchi na kwamba mtalii aliyemudu nauli ya ndege ana uwezo wa kulipa zaidi.

Hapa ndipo istilahi inapotutatiza. Neno la Kiswahili linalotumiwa mara nyingi kutafsiri dhana ya Pigou ni ubaguzi wa bei. Katika uchumi, dhana hiyo ni ya kueleza tu. Haisifu wala hailaumu. Katika Kiswahili, hata hivyo, neno ubaguzi hutoa hukumu kabla ya kesi kusikizwa, kwa kuwa tumelizoea katika muktadha wa ubaguzi wa rangi na ubaguzi wa kikabila. Atakayeanza mjadala kwa neno hilo atakuwa ameumaliza kabla ya kuuanza. Kwa sababu hiyo, makala haya yanatumia utofautishaji wa bei, na kuliacha neno ubaguzi kwa hali zile ambazo tutakuwa tumethibitisha kwamba ndani yake mna dhuluma.

Aidha, ni muhimu kutenganisha usawa na haki. Usawa ni ulinganifu wa kiasi: wewe sitini, mimi sitini. Haki ni kumpa kila mtu kinachomstahili kwa kuzingatia hali yake. Kiswahili kina neno kongwe zaidi, insafu, lenye maana ya uadilifu usioelemea upande wowote. Bei inaweza kuwa na usawa na isiwe na insafu. Inaweza pia kukosa usawa na ikawa na insafu. Mgogoro mwingi kuhusu bei za kimaeneo hutokana na kuyatumia maneno haya kana kwamba ni kitu kimoja.

Jinsi utaratibu unavyofanya kazi

Kuigawanya dunia katika maeneo ya mauzo hakukuanza na michezo ya kupakuliwa. Diski za DVD za filamu ziliigawa dunia katika maeneo sita makuu. Kenya, pamoja na sehemu kubwa ya Afrika, India na Urusi, iliwekwa katika eneo la tano. Diski iliyonunuliwa Marekani, ambayo ni ya eneo la kwanza, haikukubali kuchezwa katika mashine iliyofungwa kwa eneo la tano. Teknolojia ilitumiwa kujenga ukuta ambao bahari na milima havikuujenga.

Katika michezo ya tarakilishi, duka kubwa zaidi ni Steam, linalomilikiwa na kampuni ya Valve ya Marekani na lililofunguliwa mwaka 2003. Mchapishaji anayetaka kuuza mchezo katika duka hilo huweka kwanza bei ya msingi kwa dola za Marekani. Valve humpa mapendekezo ya bei kwa sarafu nyingine ambazo duka linazitambua, na idadi ya sarafu hizo inazidi 30. Mchapishaji anaweza kuyakubali mapendekezo hayo au kuandika bei yake mwenyewe. Kwa hivyo bei ya eneo ni uamuzi wa pande mbili: mwenye duka huamua ni maeneo gani yapo, na mwenye mchezo huamua kiasi kitakachotozwa katika kila eneo.

Ili bei hizi zisivuje kutoka eneo moja hadi jingine, duka huhakikisha kwamba mnunuzi analipa kwa njia ya malipo ya nchi anayodai kuwamo. Mnamo mwaka 2021, Valve ilizuia mteja kubadilisha nchi ya akaunti yake zaidi ya mara moja katika kipindi cha miezi mitatu, kwa kuwa baadhi ya watu walikuwa wakihama nchi kwa kubofya tu, wakafuate bei nafuu.

Ukuta huu ni imara zaidi kuliko ule wa bidhaa za kushikika. Mfano wa kitabu unatosha kulidhihirisha hili. Supap Kirtsaeng, mwanafunzi kutoka Thailand aliyesoma nchini Marekani, aliagiza kutoka kwao nakala za bei nafuu za vitabu vya chuo kikuu, akaviuza Marekani kwa faida. Mchapishaji John Wiley & Sons alimshtaki. Mnamo mwaka 2013, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba aliyenunua nakala halali ya kitabu ana haki ya kuiuza tena, hata kama nakala hiyo ilichapishwa na kuuzwa ng'ambo. Mwanafunzi yeyote wa Nairobi au Eldoret aliyewahi kununua toleo la bei nafuu lililochapwa India anaielewa biashara hiyo.

Mchezo wa kupakuliwa hauna njia hiyo ya kutokea. Kisheria, anachopata mnunuzi si nakala bali ni leseni ya kutumia. Nchini Ufaransa, mahakama ya Paris iliamua mwaka 2019 kwamba wateja wa Steam wanaweza kuuza tena michezo yao, lakini mahakama ya rufaa ikautengua uamuzi huo mwaka 2022. Kwa hivyo mnunuzi wa kidijitali hawezi kuuza alichonunua, wala hawezi kununua kutoka kwa jirani aliyekipata kwa bei nafuu. Hili ni jambo la kuzingatia, kwani kadiri mnunuzi anavyonyimwa njia za kujinusuru, ndivyo wajibu wa muuzaji wa kutenda haki unavyozidi kuwa mzito.

Kwa nini bei zitofautiane?

Ukiona vyaelea, vimeundwa. Mchezo mkubwa wa video huhitaji miaka kadhaa ya kazi ya wachoraji, waandishi, wanamuziki na wataalamu wa programu. Gharama hiyo hutumika kabla ya nakala ya kwanza kuuzwa. Baada ya hapo, gharama ya kumfikishia mnunuzi nakala moja zaidi ni ndogo mno. Tofauti na gunia la mahindi, nakala aliyopewa mnunuzi wa Kisumu haimpunguzii chochote mnunuzi wa Chicago.

Kutokana na hali hii, mnunuzi anayeweza kulipa shilingi 1,000 lakini hawezi kulipa shilingi 8,000 si hasara kwa mwenye mchezo. Akiuziwa kwa 1,000, mwenye mchezo amepata kitu ambacho asingekipata kabisa. Ni kosa, basi, kudhani kwamba mnunuzi wa nchi tajiri humlipia mnunuzi wa nchi maskini. Muuzaji aliyetenganisha masoko yake hupanga bei ya kila soko kwa kuangalia soko lenyewe. Bei ya Nairobi ikipanda leo, bei ya New York haitashuka kesho kwa sababu hiyo.

Uzito wa bei huonekana vyema zaidi tukiupima kwa pato badala ya sarafu. Pato la taifa la Kenya kwa kila mtu lilikuwa takriban dola 2,100 mwaka 2023, ilhali la Marekani lilikuwa takriban dola 80,000. Mchezo wa dola 60 ni pato la zaidi ya siku kumi kwa Mkenya wa wastani. Kwa Mmarekani wa wastani, ni pato la takriban robo ya siku. Tarakimu ni ile ile, lakini mizigo miwili hii hailingani kamwe. Wanauchumi wamelitambua tatizo hili kwa muda mrefu: jarida la The Economist lilianza mwaka 1986 kulinganisha bei ya mkate wa nyama wa Big Mac katika nchi mbalimbali ili kuonyesha kwamba kiwango cha ubadilishaji wa fedha hakielezi uwezo halisi wa kununua.

Hoja nyingine inahusu uharamia. Gabe Newell, mmoja wa waasisi wa Valve, alieleza mwaka 2011 kwamba uharamia kwa kiasi kikubwa hutokana na huduma duni. Alitolea mfano Urusi, nchi ambayo wengi waliamini kuwa haina wanunuzi bali wezi wa programu tu. Kampuni ilipowahudumia Warusi ipasavyo, nchi hiyo ilikaribia kuwa soko lake kubwa kabisa barani Ulaya. Funzo la Urusi ni kwamba watu wengi wanaoitwa maharamia ni wateja ambao hawajafunguliwa mlango.

Wasomi wenyewe wananufaika na kanuni hii. Mpango wa HINARI, ulioanzishwa mwaka 2002 na Shirika la Afya Duniani kwa ushirikiano na wachapishaji wakubwa, huzipa taasisi za nchi zenye pato la chini majarida ya tiba bila malipo au kwa ada ndogo. Hakuna mhadhiri anayeuita mpango huo ubaguzi, ingawa chuo kikuu cha Ulaya hulipia majarida yale yale mamilioni ya fedha.

Migogoro mitatu

Pamoja na hoja hizo, utofautishaji wa bei umezua migogoro ya kweli, na ni vyema kuitazama mitatu.

Mgogoro wa kwanza ni wa Umoja wa Ulaya. Mnamo Januari 2021, Tume ya Ulaya iliitoza faini kampuni ya Valve pamoja na wachapishaji watano, yaani Bandai Namco, Capcom, Focus Home, Koch Media na ZeniMax. Jumla ya faini hizo ilikuwa euro milioni 7.8. Kosa lao lilikuwa kuzuia misimbo ya kuwashia michezo takriban 100 iliyouzwa katika nchi kama vile Polandi, Hungaria na Romania isitumike katika nchi nyingine za Umoja. Valve ilikata rufaa, na mnamo Septemba 2023 ikashindwa. Ieleweke kwamba tume haikuharamisha kutofautiana kwa bei. Iliharamisha makubaliano ya kuwazuia wanunuzi kuvuka mpaka ndani ya soko lililojitangaza kuwa soko moja. Hata hivyo, uamuzi huo una upande wake wa pili: ikiwa kufuli haliruhusiwi, muuzaji anayeogopa kuvuja kwa bei anaweza kulinganisha bei zote kwa kuzipandisha, na anayeumia ni mnunuzi wa Bucharest, si wa Paris.

Mgogoro wa pili ni wa Argentina na Uturuki. Kwa miaka mingi nchi hizi mbili zilikuwa na bei za chini mno katika Steam. Sarafu zao ziliporomoka: mfumuko wa bei nchini Uturuki ulipita asilimia 85 mnamo Oktoba 2022, na wa Argentina ukapita asilimia 211 kufikia mwisho wa mwaka 2023. Bei zilizoandikwa kwa lira na peso zikawa kama zawadi kwa yeyote mwenye dola. Walanguzi wa kidijitali kutoka nchi tajiri walijisajili kama wakazi wa Buenos Aires na Istanbul ili wanunue kwa bei hizo. Mnamo Oktoba 2022, Valve ilipendekeza bei mpya ambazo, kwa mchezo wa dola 59.99, zilipanda kwa zaidi ya asilimia 400 katika nchi hizo mbili. Kisha, tarehe 20 Novemba 2023, iliziondoa kabisa peso na lira, ikaanza kuuza kwa dola. Fahali wawili wapiganapo, ziumiazo nyasi. Kampuni na walanguzi walipambana, na aliyeumia ni kijana wa Argentina ambaye hakuwahi kumdanganya mtu kuhusu anakoishi.

Mgogoro wa tatu ni wa Australia, nao unaonyesha kwamba bei za kimaeneo haziendi chini tu. Bunge la nchi hiyo liliunda kamati ya kuchunguza ni kwa nini Waaustralia walitozwa zaidi kuliko Wamarekani kwa programu na bidhaa nyingine za kiteknolojia. Kampuni za Apple, Adobe na Microsoft ziliitwa kutoa maelezo, na ripoti ikatolewa Julai 2013. Kwa bidhaa zinazopakuliwa, ambazo hazina nauli ya meli wala kodi ya ghala, ilikuwa vigumu kuihalalisha tofauti hiyo kwa gharama. Jibu lililobaki ni kwamba wauzaji walitoza zaidi kwa sababu waliweza kutoza zaidi.

Kenya iko wapi?

Baada ya kuyaeleza hayo, tuigeukie hali yetu. Shilingi ya Kenya haimo miongoni mwa sarafu za Steam. Katika Afrika iliyo kusini mwa Sahara, sarafu iliyotambuliwa ni randi ya Afrika Kusini. Mkenya huonyeshwa bei ya dola, nayo ni ile ile ya Mmarekani. Hali ni hiyo hiyo kwa Mtanzania, Mganda, Mnyarwanda, Mrundi na Mkongomani.

Tokeo la kwanza ni kwamba mzigo wa kuyumba kwa sarafu humwelemea mnunuzi. Mnamo Januari 2024, dola moja ilikaribia shilingi 160. Kufikia mwisho wa mwaka huo ilikuwa karibu na shilingi 130. Mchezo wa dola 60 uligharimu takriban shilingi 9,600 katika kipindi cha kwanza na takriban 7,800 katika kipindi cha pili, ilhali hapakuwa na mtu aliyebadilisha chochote katika duka.

Tokeo la pili ni zito zaidi. Kwa kuwa eneo la Kenya halipo katika orodha, hata mchapishaji mwenye nia njema hana mahali pa kuiandika bei ya Kenya. Hawezi kutupunguzia bila ya kumpunguzia Mmarekani. Wala haiwezi kusemwa kwamba kutumia dola ndicho kikwazo, maana Valve ina makundi ya nchi zinazolipa kwa dola lakini kwa bei ya chini. Asia ya Kusini ina kundi lake, lenye nchi kama vile Pakistan, Bangladesh na Nepal. Mabadiliko ya Novemba 2023 yaliunda makundi mengine mawili yenye jumla ya nchi 25: moja la Amerika ya Kilatini na jingine la Mashariki ya Kati na Afrika Kaskazini. Katika kundi hili la mwisho imo Oman, ambayo pato lake kwa kila mtu ni mara kadhaa ya lile la Kenya. Basi, Mswahili anayeishi Maskati huweza kupangiwa bei nafuu kuliko nduguye aliyebaki Mombasa, ingawa ndugu huyo ndiye mwenye kipato kidogo. Hapa ndipo tunapoweza, kwa uangalifu, kulirudisha neno ubaguzi, si kwa maana ya chuki iliyokusudiwa, bali kwa maana ya kuachwa nje ya hesabu.

Kuachwa huku hakukomei kwenye Steam. Mtandao wa PlayStation wa kampuni ya Sony haujaiorodhesha Kenya miongoni mwa nchi unazozihudumia rasmi. Mnamo Mei 2024, Sony ilipotangaza kwamba wachezaji wa Helldivers 2 kwenye tarakilishi lazima wawe na akaunti ya mtandao huo, mchezo huo uliondolewa sokoni katika nchi zaidi ya 170. Wachezaji walilalamika kwa kishindo, na kampuni ikalibatilisha sharti hilo baada ya siku chache.

Lugha nayo inasimulia kisa hicho hicho. Duka la Steam husomeka kwa lugha takriban 30, na Kiswahili, chenye mamilioni mengi ya wazungumzaji, hakimo. Eneo lisilo na sarafu katika duka aghalabu halina lugha pia. Yote mawili ni dalili za kutotambuliwa kuwa soko.

Kuna watakaosema kwamba Kenya ni soko dogo lisilostahili kuhangaikiwa. Hata hivyo, kampuni nyingine za kidijitali zimeamua vinginevyo. Netflix ilianzisha nchini Kenya huduma ya bure kwa simu za Android mnamo Septemba 2021, na ingawa huduma hiyo ilisitishwa mwaka 2023, mwaka uo huo kampuni ilipunguza bei zake nchini. Kama filamu zinaweza kupewa bei ya Kenya, ni vigumu kueleza kwa nini michezo isiweze.

Wanaoathirika si wachezaji peke yao. Mwaka 2016, kampuni ya Kiro'o Games ya Kameruni ilitoa katika Steam mchezo wa Aurion, uliojengwa juu ya tamaduni za Kiafrika. Mtayarishaji wa Kiafrika anapouza humo, analazimika kuwapa Waafrika wenzake wengi bei ya dola inayowafaa Wamarekani. Hivyo kazi ya Mwafrika huwafikia walio mbali kwa urahisi kuliko walio karibu. Na kijana anayetaka kujifunza ufundi huu huhitaji kuicheza na kuichambua michezo ya wengine, kama vile mwandishi anavyohitaji kusoma. Bei inayomfungia nje humsukuma ama kuacha ufundi wenyewe, ama kutumia nakala haramu.

Vigezo vya bei yenye insafu

Kutokana na uchambuzi huu, makala haya yanapendekeza vigezo vitatu vya kupimia haki ya bei ya kimaeneo.

Kigezo cha kwanza ni uwiano. Tofauti ya bei iambatane na tofauti ya uwezo wa wanunuzi au ya gharama halisi. Bei za Australia zilikiuka kigezo hiki, kwa kuwa zilipandishwa bila gharama ya kuzieleza.

Kigezo cha pili ni uthabiti. Mnunuzi asiamke akute bei imeongezeka maradufu kwa sababu ya makosa ya watu wengine. Argentina na Uturuki zilihitaji marekebisho ya hatua kwa hatua mapema, si pigo moja baada ya miaka ya kupuuzwa.

Kigezo cha tatu, ambacho ndicho muhimu zaidi, ni ulinganifu wa kufuli na nafuu. Muuzaji anayewafungia watu katika eneo lao ana wajibu wa kulipa eneo hilo bei yake. Kufuli bila nafuu ni mzigo wa upande mmoja. Kenya imo katika hali hii: haturuhusiwi kununua kwa bei ya Pakistan, na hatuna bei yetu wenyewe.

Vigezo hivi havimalizi ugumu wote. Wastani wa taifa huficha mengi: tajiri wa Muthaiga angefaidika na bei nafuu ya Kenya, ilhali mfanyakazi maskini wa Mississippi angeendelea kulipa bei kamili. Pingamizi hili lina uzito, lakini linaonyesha kwamba chombo ni butu, si kwamba ni kibovu. Nafuu za wanafunzi na mauzo ya msimu huweza kuwafikia maskini wa nchi tajiri. Pia ni kweli kwamba watayarishaji wadogo wana haki ya kuogopa ulanguzi, na kwa hiyo kufuli lenyewe haliwezi kulaaniwa. Linalodaiwa ni kwamba kufuli liwe na mlango nyuma yake.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba bei sawa si lazima iwe bei ya haki, na kwamba bei tofauti si lazima iwe dhuluma. Utofautishaji wa bei huongeza idadi ya wanaofikiwa na kazi ya sanaa bila ya kumnyang'anya mtu, mradi uwe na uwiano, uthabiti na ulinganifu wa kufuli na nafuu. Malalamiko ya Afrika Mashariki hayapaswi kuwa kwamba bei zinatofautiana, bali kwamba hazijatofautiana kwa ajili yetu.

Dawa haiko mbali. Kundi la dola la Afrika Mashariki, au la Afrika iliyo kusini mwa Sahara, lingefuata mfano ambao tayari upo kwa Asia ya Kusini na Mashariki ya Kati. Watayarishaji wa michezo wa eneo hili wana sauti ya kulidai, kwa kuwa wao ni wauzaji na wanunuzi kwa wakati mmoja. Nasi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna sehemu yetu katika kazi hii: kuyapa mambo haya istilahi zisizopotosha, ili atakayedai haki yake aweze kuitofautisha na usawa, na atakayejibu asiweze kujificha nyuma ya tarakimu.